Karatasi ya Pasteur Séverin

Haya yalimpata rafiki yangu Colette, ninayesuka naye nywele ufukweni South Beach, huku kusini mwa Afrika. Desemba ya 2012 alienda na kanisa lao kusali mlimani, pale matajiri wanapotelezea theluji wakati wa baridi. Desemba huku ni wakati wa joto, iko nyasi tu, na viti vya chuma vya kuwapandisha watelezaji, vinavyoning'inia kwenye waya.

Mwaka uliotangulia walipanda kumi, wakashuka tisa. Peguy, mume wa Colette, alipotelea kwenye ukungu, na Pasteur Séverin, mchungaji wao, akakataa kumngoja. "Mungu anajua walio wake," alisema. Hata leo anahubiri upendo.

Safari hii ukungu ukawafunika tena saa nane mchana. Pasteur akatoa karatasi kwenye Biblia, akaita majina, kila mtu akiitika. Ilikuwa karatasi ya mwaka jana. Alipotahamaki, ameshamwita Peguy.

Kisha huko juu kiti kimoja cha chuma kikalia, na sauti ikaitika: "Niko! Ningojeni!"

Colette akageuka. Pasteur akamvuta mkono. "Eish, mama, tushuke!"

Hawakungoja. Nyuma yao sauti ikaanza kuita majina yao, kwa mpangilio wa karatasi ile, ikinyamaza kidogo baada ya kila jina. Hakuna aliyethubutu kuitika.

Jina la Colette lilipofika, aliitika.

Sauti haikuita tena mtu mwingine, ingawa majina yalikuwa yamebaki.