Kisigino cha Kulia

"Mama anasema Jumapili uje na akili, mapambo uyaache nyumbani," mpima macho alimwambia mchumba wake, akijaribu kucheka.

Fundi viatu hakucheka. Alikuwa na misumari mitatu mdomoni, na mwenye misumari mdomoni hacheki ovyo. Aliipigilia mmoja mmoja kwenye soli ya kiatu cha mtu wa benki, akakigeuza, akakipuliza vumbi, ndipo akauliza:

"Hiyo akili itapimwa kwa mizani gani?"

"Tutatazama tamthilia pamoja. Ile yako."

Hapo fundi akainua uso. Kama kuna kitu dada huyu alikipenda duniani baada ya kijana aliyesimama mbele yake, na siku nyingine kabla yake, ni ile tamthilia ya mpelelezi. Hadithi zenyewe ni za kale, enzi za magari ya farasi na taa za mafuta. Waliozitengeneza upya walimpa mpelelezi simu ya mkononi, teksi na koti la kisasa, wakamwachia ujeuri wake uleule. Fundi alishatazama kila sehemu mara tatu, nyingine nne, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, hapohapo kibandani kwake chini ya ngazi za jengo la maofisi.

Watu walidhani amependa sura ya mwigizaji. Acha wadhani. Shule ilimwacha fundi kabla yeye hajaiacha, na kwa miaka tisa alikuwa akitazama miguu ya watu huku wao wakitazama utosi wake. Alijua nani anaburuza mguu, nani mguu wake mmoja mfupi, nani kanunua viatu vya kumringia jirani. Alidhani huo ni umbea wa kazi tu. Halafu siku moja akamwona yule mpelelezi akipiga goti mbele ya kiatu cha mtu, akakisoma kama gazeti, na watu wenye shahada zao wamesimama kimya wakimsubiri. Siku hiyo fundi alilia. Mteja akadhani amejigonga nyundo.

Sasa mama wa kijana. Huyu aliitwa Bi Maktaba kwa sababu alitunza maktaba miaka thelathini, akastaafu na miwani yake na sauti yake ya kunyamazisha watu. Zile hadithi za kale alizisoma mpaka majalada yakabanduka, na kwake tamthilia hiyo ilikuwa wizi wa mchana kweupe. Alikwisha kumwambia mwanawe kwamba hatakwenda kumposa binti anayejua kutazama tu. Macho, alisema, hata samaki anayo.

Jumapili saa kumi alasiri fundi akabisha hodi. Sketi imepigwa pasi, kucha zimesuguliwa gundi yote ikatoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Keti pale penye mwanga, nikuone ukifikiri."

Kisha akampa masharti. Sehemu ya siku hiyo ilikuwa mpya, haijawahi kuonyeshwa popote, ingawa jina lake lilikuwa la mojawapo ya zile hadithi za kale. Wakati wa matangazo ya mwisho kila mmoja angetaja muuaji na kueleza amemjuaje. Fundi akipata, Bi Maktaba atakwenda kwao kuposa. Akikosa, ataagwa kwa heshima na mambo yatakuwa yameishia hapo.

Wakatazama. Mzee mmoja tajiri alikutwa amekufa kwa sumu kwenye machimbo ya mawe nje ya mji, na aliyempeleka huko alimpeleka kwa gari la marehemu mwenyewe. Waliotiliwa shaka walikuwa watatu. Mjane wake alikuwa halii. Daktari wake alidanganya alikuwa wapi saa tatu. Na shemeji yake, mtu mpole wa kujifuta jasho kwa kitambaa, alimweleza mpelelezi kwamba yeye ni mtu wa treni, hajawahi kushika usukani maishani mwake.

Simu ya fundi ikatetemeka mapajani. Ujumbe, na mwandishi wake amekaa hatua mbili kutoka kwake:

"Ni DAKTARI. Jana nimechungulia kitabu cha mama kabatini, ukurasa wa mwisho. Sema daktari, taja ule uongo wake wa saa tatu. Nakupenda."

Fundi akamtazama. Mpima macho alikuwa akikagua dari kama mtu anayetafuta nyufa.

Matangazo yakaingia, mtu anafua shati jeupe kwa furaha isiyo na sababu. Bi Maktaba akapunguza sauti.

"Naanza mimi. Daktari. Amedanganya kuhusu saa, na sumu anayo kabatini."

"Na mimi nasema daktari," akadakia mwanawe, kasuku wa watu.

Macho yote yakageukia penye mwanga. Neno moja tu, na ndoa ilikuwa yake. Neno lenyewe alishaandikiwa, lilikuwa bado na joto mapajani. Fundi akaifunika simu.

"Si daktari, mama."

Kijana akakohoa. Akakohoa tena, kikohozi chenye maana.

"Kanywe maji," mama akamwambia bila kumtazama. "Kama si daktari ni nani?"

"Shemeji."

"Yule mpole?"

"Alipokunja nne pale sebuleni nimeona kiatu chake cha kulia. Nyuma ya kisigino ngozi imechubuka mpaka rangi imetoka, na cha kushoto ni kizima. Viatu vya hivyo naletewa kila wiki, mama, na wanaoleta ni madereva. Mguu wa kulia uko kwenye pedeli, kisigino kinasugua sakafu ya gari kutwa nzima. Treni haichubui mtu namna hiyo. Sasa mtu adanganye kwamba hajui kuendesha gari, ili iweje?"

Bi Maktaba akavua miwani. "Na kama waigizaji wamevalishwa viatu vikuukuu tu?"

"Basi nimekosea, na nitakwenda zangu. Lakini kamera ilitulia juu ya kile kiatu muda wa kutosha kufunga kamba. Hawa hawaonyeshi kitu bure."

"Binti, kitabu hiki nimekisoma mara kumi na moja. Muuaji ni daktari."

"Kitabu sijakisoma, mama. Mimi nimesoma kiatu."

Shati jeupe likaisha. Mpelelezi akaingia sebuleni kwa marehemu, akampita mjane, akampita daktari, akapiga goti mbele ya yule mpole na kumwomba, kwa adabu zote, anyooshe mguu wa kulia.

Walioitengeneza upya walikuwa wamebadilisha muuaji. Daktari alidanganya kwa sababu saa tatu alikuwa kwa mke wa mtu, aibu hiyo, lakini si mauaji. Shemeji akatiwa pingu, kitambaa kikaanguka.

Fundi hakuruka wala hakupiga kelele. Aliweka mikono magotini, akaachia pumzi aliyokuwa ameishika tangu mlangoni. Aliyeruka ni mpima macho.

"Nilijua tu utaweza."

"Ulijua?" fundi akamuuliza taratibu.

Kijana akakaa. Rangi ikamtoka, lakini tumpe haki yake: hakusubiri kuchongewa. Alimgeukia mama yake akakiri yote, kabati, kitabu, ukurasa wa mwisho, ujumbe.

"Niliogopa kukupoteza," akamwambia fundi.

"Mama yako alidhani sina akili, akanipa nafasi ya kumwonyesha. Wewe ulidhani hivyohivyo, ukaninyima hata nafasi."

Lakini fundi hakuinuka kuondoka, na kijana akalishika tumaini hilo kwa mikono miwili.

Bi Maktaba akamgeukia mwanawe.

"Mimi nilisema nilichosoma miaka arobaini iliyopita. Wewe ukasema ulichosoma jana. Humu ndani aliyefikiri ni mmoja tu." Akavaa miwani yake, akamtazama fundi. "Mwanangu, kwenu ni wapi? Nakuja Jumamosi."

Mwanangu. Fundi aliinamisha uso, lakini sikio lilikuwa limeshakunywa.

"Karibu sana, mama. Ila na mimi naomba nimpime wa kwako kwanza. Jumapili ijayo ataje muuaji kwa kichwa chake."

"Haki yako," akasema mama.

Wiki hiyo Bi Maktaba alifunga kabati na kulala na ufunguo. Jumapili ikafika, matangazo ya mwisho yakaingia, na mpima macho akasimama, jasho linamtoka kama mshtakiwa. Akamtaja bibi jirani. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa akimwagilia maua siku ambayo mvua ilinyesha, na mtu hamwagilii bustani iliyolowa ila kama anafuta kitu.

Muuaji akawa mwanasheria. Bibi masikini alikuwa msahaulifu tu.

Kijana akajishika kichwa. Fundi alikuwa anacheka, safari hii bila misumari, anacheka mpaka machozi, akamvuta mkono akamketisha ubavuni pake.

"Umekosa," akamwambia. "Lakini umekosa mwenyewe. Hiyo inanitosha."

"Inakutosha kwa maana gani?"

"Kwa maana ya ndiyo."

Fundi akageuka kumwomba mama awapigie simu nyumbani kwao. Amechelewa. Bi Maktaba alikuwa ameshapiga zamani, amesimama dirishani, mkono mmoja kiunoni.

"Haloo," alikuwa akisema, kwa sauti ambayo maktaba yoyote ingemtoa nje. "Samahani kwa usumbufu. Hapa unaongea na mama mkwe wa binti yenu."