Siri ya Sayi Kwenye Anwani

Kila Jumatano, baada ya usafi wa mabweni, Agnetha alikuwa wa kwanza kufika kwenye chumba cha kompyuta. Shule yao ilikuwa Ntalikwa, nje kidogo ya mji wa Tabora. Mwalimu Mektilda alikuwa amempa kazi ya kutengeneza ukurasa ambao wanafunzi wangeutumia kumwandikia muuguzi shida zao kwa siri.

Mwalimu alimwagiza atumie njia ya POST, inayopeleka maneno kwenye seva, yaani kompyuta inayoupokea ukurasa, yakiwa ndani ya ujumbe. Lakini Agnetha hakuibadilisha njia iliyokuwepo tangu mwanzo, GET, ambayo huyaunganisha maneno hayo na anwani inayoonekana juu ya ukurasa. Alijaribu, ujumbe ukafika, akaona hakuna haja ya kujisumbua. Mwalimu alipomuuliza, alijibu kwamba amefanya kama alivyoagizwa.

Rafiki yake Sayi, msichana kutoka Nzega, aliandika kwenye ukurasa huo kwamba bado anakojoa kitandani na anaona aibu kumwambia mtu. Jioni hiyo wenzake waliketi kwenye kompyuta ileile. Walipoanza kuandika anwani ya ukurasa, kompyuta iliwaletea ile iliyotumika awali, ikiwa na jina la Sayi na maneno yake yote. Kabla ya chakula cha usiku, bweni zima lilikuwa linacheka.

Sayi hakula. Alifungasha nguo zake, akasema kesho atapanda basi la Nzega na hatarudi. Aliamini muuguzi ndiye aliyetoa siri yake. Agnetha alijua ukweli, lakini aliogopa kukiri. Asubuhi, aliposikia muuguzi ameitwa ofisini kwa Mwalimu Mektilda ajieleze, alishindwa kuvumilia. Akagonga mlango.

"Shikamoo, mwalimu. Muuguzi hana kosa. Sikubadilisha GET, kisha nikakudanganya."

 Mwalimu alimchukua Agnetha, wakaenda pamoja kuufunga ukurasa, wakafuta kumbukumbu kwenye kompyuta zote na kwenye seva, ndipo wakaweka POST na kuijaribu upya.

Kumkabili Sayi kulikuwa kugumu zaidi. Sayi alimsikiliza akiwa ameelekea ukutani.

"Ungeniambia kwamba ukurasa hauko tayari," alisema. "Nisingeandika."

 Agnetha alilia, akaomba radhi.

Muuguzi alimpima Sayi, akagundua maambukizi ya njia ya mkojo, akampa dawa. Sayi alipona, akabaki shuleni. Hata hivyo, ilipita miezi kabla hajakubali tena kuketi na Agnetha darasani.

Waliomcheka waliadhibiwa. Kisha Mwalimu Mektilda akazungumza na darasa zima.

"GET si mbaya," alisema. "Ukitafuta jina la kitabu, inafaa, hata mwenzako akiliona. Lakini mtu akikukabidhi siri yake, usiridhike kwamba imefika. Hakikisha hakuna aliyeiona njiani. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajaumia kwa sababu yako."