Utani Bila Hodi

Kila jioni, mama akisharudi kutoka sokoni Mkuyuni na vyombo vikishaoshwa, Queen aliazima simu yake na kukaa juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba yao, Mkolani. Alitazama vipande vifupi vya mahojiano ya watu maarufu wa nchi za mbali. Waigizaji na wanamichezo walikaa kwenye makochi, wakataniwa na watangazaji, wakacheka mpaka machozi yakawatoka.

Wenzake wa darasa la sita walikariri msamiati wa Kiingereza ubaoni. Queen aliupata kwenye vipande hivyo, na haukumtoka kichwani. Aliweza kusema kwamba ana wasiwasi, kwamba amechoka, kwamba anatania tu, na alisema kwa haraka, bila kutafuta maneno.

Kipande alichokipenda zaidi kilikuwa cha mwigizaji aliyevaa kofia pana. "Unaficha nini humo?" mtangazaji aliuliza. Mwigizaji aliivua kofia, kipara kikang'aa chini ya taa, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Queen alikuwa amekiigiza darasani mara nyingi, hata wenzake wakalijua swali lile kwa moyo.

"Unacheka na nani huko?" aliuliza babu yake, mzee Machibya, kutoka kwenye kigoda chake.

"Na watu wenye meno, babu. Wewe yako yako wapi?"

"Niliyatoa mahari nikuoe, mke wangu. Na bado hata chai hunipi!"

Queen alicheka, akaenda kumletea chai.

Wiki hiyo kulikuwa na jambo kubwa shuleni. Kituo kimoja cha redio cha mjini kilitaka mwanafunzi mmoja awe mtangazaji wa kipindi cha watoto cha Jumamosi, kwa Kiingereza. Mwalimu Odeta, mlezi wa klabu ya Kiingereza, alisema wanaklabu wawili, Winnie na Queen, watahoji mgeni mmoja mmoja mbele ya klabu. Atakayehoji vizuri zaidi ndiye atakayekwenda. Winnie alikuwa amekwisha kumhoji fundi boti. Maswali yake yalikuwa sahihi, lakini sauti ilikuwa ndogo na wasikilizaji wawili walisinzia.

"Ukinishinda sitashangaa," Winnie alimwambia Queen. "Lakini ukivimba kichwa nitakutoboa na sindano."

Mgeni wa Queen aliitwa Bi Hellen Luhende, mtafiti wa samaki wa ziwa, mwenyeji wa Ilemela. Alifika Ijumaa mchana akiwa amevaa gauni la kijani na kilemba cha buluu. Darasa lilijaa, na wasio wanachama walichungulia madirishani.

Queen alianza vizuri. Aliuliza kwa nini samaki wadogo wanaoitwa furu wamepungua, na Bi Hellen akaeleza jinsi sangara walioletwa ziwani walivyowala. Aliuliza kama mtafiti huogopa mawimbi. Bi Hellen alisema huogopa zaidi viboko. Watoto walitabasamu. Lakini kutabasamu hakukumtosha Queen. Alitaka kicheko kile cha kwenye simu. Alimtazama mgeni, akaona kilemba, na swali likamtoka kwa Kiingereza kilichonyooka:

"Unaficha nini humo?"

Darasa lililipuka. Wote walilijua swali lile. Waliokuwa madirishani walipiga makofi.

Bi Hellen hakucheka. Aliinua mikono, akafungua fundo la kilemba na kukiweka mapajani. Kichwa chake hakikuwa na nywele, ila vipande vichache vya manyoya laini kama ya kifaranga.

"Nilikuwa na saratani," alisema kwa Kiingereza, polepole, ili kila mtoto aelewe. "Dawa zilizoniponya ziliondoa nywele. Zimeanza kurudi."

Kicheko kilikatika. Mtoto mmoja aliyekuwa bado anapiga makofi alibaki na mikono hewani. Mwalimu Odeta alisimama, kisha akakaa tena, kama mtu aliyesahau kwa nini alisimama. Queen alihisi masikio yakiwaka. Maswali yote aliyobakiza kichwani yalitoka kwenye vipande vilevile, na sasa kila moja lilimtisha. Alijua maneno mengi ya Kiingereza, lakini hakupata hata moja la kumsaidia, isipokuwa yale mepesi aliyofundishwa darasa la tatu.

"Samahani," alisema. "Je, niache?"

"Hapana," alijibu Bi Hellen. "Niulize kuhusu samaki. Nilikuja kwa ajili yao."

Queen aliuliza kuhusu samaki mpaka mwisho.

Baadaye alikwenda ofisini kwa Mwalimu Odeta. Bi Hellen alikuwa anakunywa chai, kilemba kikiwa kichwani tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba msamaha. Nilidhani ni kichekesho. Yule mtu wa kwenye video aliulizwa hivyohivyo, na alicheka sana."

"Nakusamehe. Na mazungumzo yao yalianzaje?"

Queen alifikiri. "Sijui. Video inaanzia kwenye swali."

"Mimi siwezi kusema samaki amekufa kwa nini kwa kuona mkia tu," Bi Hellen alisema. "Mwalimu, hatuwezi kuyapata mahojiano yenyewe?"

Mwalimu Odeta aliyatafuta kwenye kompyuta yake, wakayatazama tangu mwanzo. Mwigizaji aliingia, akamkumbatia mtangazaji. Walikumbushana siku walipokuwa vijana, wakilala chumba kimoja. Kisha mwigizaji mwenyewe akasema: "Najua unaitamani hii kofia. Haya, niulize. Nisipokuruhusu hutalala." Hapo ndipo swali lilipokuja.

Queen alitazama kioo cha kompyuta, mdomo wazi. Alikuwa amekitazama kipande kile mwezi mzima, na hakuwahi kujua kwamba mlango ulifunguliwa kwanza kutoka ndani.

"Nyumbani una mtani?" Mwalimu Odeta aliuliza.

"Babu yangu. Namtania meno."

"Na Bi Hellen ni babu yako?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi. Kiingereza chako hakikuwa na kosa hata moja. Lakini redioni atakwenda Winnie."

Queen aliinamisha kichwa. "Sawa, mwalimu," alisema.

Mwezi uliofuata, klabu ilipata mgeni mwingine, mzee Aftab, mfanyabiashara wa vitambaa, na Mwalimu Odeta akamkabidhi Queen kazi ya kumhoji. Safari hii Queen alimpokea getini.

"Shikamoo, mzee. Kabla hatujaingia, kuna jambo usilopenda nikuulize?"

Mzee Aftab alisimama, akashangaa. "Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo," alisema. "Usiniulize habari za marehemu mke wangu. Bado siwezi kuzisema mbele ya watu." Kisha akajipiga tumboni. "Lakini kitambi hiki, binti, kiulize! Kila mtu anakitazama, anaogopa kukisema. Mimi nimekilea kwa sato wa ziwani na wali wa nazi!"

Mbele ya klabu, Queen aliuliza habari za vitambaa na habari za duka, kisha akauliza kitambi kinakula nini. Watoto walishtuka. Wengine walimtazama Mwalimu Odeta kwa hofu. Mzee Aftab alisimama, akageuka ubavu ili kila mtu akione vizuri, akajibu. Darasa likacheka mpaka Winnie akashindwa kushika kinasa sauti alichokuwa akirekodia.

Mgeni alipoondoka, Mwalimu Odeta aliwaambia wanaklabu: "Maneno mnaweza kuyachukua popote: kitabuni, redioni, hata kwenye vichekesho vya simu. Lakini ruhusa ya kumtania mtu haimo kwenye simu. Anayo mwenyewe, na huombwa kwa hodi."

Kisha akamgeukia Queen. "Muhula ujao redio itahitaji mtangazaji mwingine. Anza kujiandaa."