Tangi Lililosemekana Kavu

Moffat Kihara alikuwa amelala kifudifudi kando ya mdomo wa tangi, funguo za gari lake bado mkononi. Kofia ilikuwa imebingirika hadi chini ya pampu. Spana kubwa ya kufungulia kifuniko cha tangi ilikuwa pale pale sarujini, imelowa damu.

Ukutani, juu ya mwenye kituo aliyekufa, kibao kilisema: HAKUNA PETROLI.

Inspekta Barnabas Kioko alichuchumaa. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, Nyeri, mwaka wa 1979, mwaka ambao bei ya petroli ilipanda kama mtu anayekimbizwa na nyuki. Ukungu ulikuwa haujaondoka mlimani.

Kando ya maiti kulikuwa na kijiti kirefu cha mbao chenye alama za inchi, kile cha kupimia tangi. Kilikuwa kimepakwa chaki nyeupe. Kwenye inchi ya sitini na mbili chaki ilikatika, na kutoka hapo kwenda chini ilikuwa imeoshwa.

Kioko aligeuza mikono ya maiti, mmoja baada ya mwingine. Safi. Mikono ya mzee wa kanisa.

"Nani alimpata?"

"Huyu, afande." Konstebo alimsukuma mbele mtu mrefu, mwembamba, mwenye jerikeni tupu mkononi. "Yarrow. Ni mchuuzi wa ng'ombe, wa Nanyuki."

"Nilikuja kuomba petroli," Yarrow alisema. "Nikamkuta hivi, nikaita watu. Muuaji huita watu?"

"Nyamaza!" Alikuwa Wahome, mkuu wa kituo cha polisi, ameshuka garini na hasira ya mtu aliyekatizwa chai. "Kioko, usijisumbue. Jumapili huyu Msomali alimgombeza Moffat hapa hapa. Ati Mungu akichelewa, yeye hatachelewa. Watu kumi walisikia."

"Maneno ya hasira, mkubwa."

"Ya hasira, na mtu amekufa. Saa nane namfungulia mashtaka ya mauaji."

Yarrow alimtazama Kioko, si Wahome. Kwa mauaji adhabu ilikuwa kitanzi, na jambo hilo halikuhitaji mkalimani.

Wahome alipoondoka, Kioko aliinua kifuniko cha tangi, kilichokuwa kimerudishwa bila kukazwa. Alichukua kijiti cha kupimia tangi la dizeli kilichokuwa kimeegemezwa ukutani, akakitumbukiza. Kilizama kikapiga sakafu. Alipokivuta kilikuwa kimelowa hadi juu ya kifua chake.

Tangi lilikuwa karibu kujaa. Na mji mzima ulikuwa ukisukuma magari.

*

Ndani ya seli, Yarrow alikataa kiti.

"Jumapili ulitafuta petroli ya nini?"

"Ya mgonjwa."

"Mgonjwa wa nani?"

"Wa watu tu. Nilienda Wamagana kununua ndama, gari ikanikaukia sokoni. Wanawake wakanijia mbio. Ati kuna mama anajifungua, mtoto amekaa vibaya, tafadhali mpeleke hospitali. Nikaazima baiskeli, nikachukua jerikeni, nikaja Nyeri."

"Ukanyimwa."

"Nikachekwa, afande! Yule wa pampu aliniambia, 'Mzee, siku hizi kila jerikeni iko na mgonjwa. Wako ni wa ngapi leo?' Nikamwambia ni Mama Watiri wa Wamagana. Akasema, 'Mama Watiri huko ni wengi kama viazi.' Watu kwa foleni wakacheka."

"Moffat alikuwepo?"

"Alitoka ofisini na Biblia kwapani, anaenda kanisa. Akasema meli imechelewa, na kiwanda cha kusafisha mafuta kule pwani ni kidogo, hakitoshi nchi. Ndipo nikasema yale maneno."

"Na huyo mama?"

Yarrow alitazama sakafu. "Jioni nilisikia amekufa. Sikurudi kule hata kuchukua gari. Ningerudi na uso gani?"

Kioko alitoka. Mlangoni alimuuliza konstebo, "Mfanyakazi wa pampu ni nani?"

"Dishon Ngatia, afande. Yuko kule kwa kituo cha petroli sasa. Alikuwa na likizo ya siku tatu. Jana alizika mke wake."

"Alimzika wapi?"

"Wamagana."

Kioko alikuwa Mkamba wa Machakos, lakini miaka sita ya Nyeri ilikuwa imemfunza jambo moja: hapa mama haitwi kwa jina lake, huitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Na mtoto wa kwanza wa kike huchukua jina la nyanya yake, mama wa baba. Ndiyo maana jina moja hujaa kijiji kizima.

*

Dishon alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda, kichwa kimenyolewa upya, koti la mazishi bado mwilini. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye vidole vipana. Alisimama aliposikia viatu.

"Pole kwa msiba," Kioko alisema.

"Asante, afande."

"Leo umefika saa ngapi?"

"Saa tatu. Nimetembea kutoka nyumbani."

"Ofisi hufunguliwa na nani?"

"Mzee Moffat. Na mimi niko na ufunguo."

"Kijiti cha tangi hukaa wapi?"

"Ofisini. Tangu shida ianze, ni mzee mwenyewe alikuwa anapima."

"Na wewe hukuwahi kupima?"

"Mzee wa kanisa akikuambia tangi ni kavu, utapima ya nini? Nilimwamini. Hata wateja niliwafundisha. 'Kiwanda ni kidogo, nchi ni kubwa.' Nilikuwa nasema kama mtu wa redio."

Kioko alimpa kijiti cha dizeli. "Nionyeshe kazi yako. Nipimie tangi."

Dishon alikipokea. Bila kufikiri alipeleka mkono nyuma ya pampu, akatoa kipande cha chaki, akakipaka kijiti kwa mivuto mirefu, ya haraka. Miaka tisa ya kazi ilikuwa mikononi mwake.

"Chaki ni ya nini?"

"Petroli hukauka upesi, afande. Ukivuta kijiti kitupu, alama inakukimbia. Chaki ndiyo inashika."

"Moffat alikuwa akipaka chaki?"

"Yeye? Hakutaka kuchafuka. Alikuwa anachungulia tu."

"Na mchuuzi wa ng'ombe angejua mambo ya chaki?"

Dishon alishusha kijiti. Alitazama vidole vyake vyeupe kama mtu aliyevikuta kwenye mkono wa mwingine.

"Kijiti kilichokuwa kando ya maiti kilipakwa chaki," Kioko alisema taratibu. "Mikono ya Moffat ilikuwa safi, funguo za gari mkononi. Alikuwa ndiyo anafika. Mtu mwingine alikuwa anapima. Sasa kuna Msomali kwa seli, na saa nane anaandikiwa mauaji."

Dishon alijifuta vidole kwenye koti.

"Dishon. Mtoto wako wa kwanza anaitwa nani?"

Alijibu kwa sauti ndogo.

"Watiri. Nilimpa jina la mama yangu."

Kioko alimpa onyo la kisheria, kwamba halazimiki kusema lolote na kwamba atakalosema litaandikwa. Dishon alilisikiliza kwa adabu, kama mahubiri, kisha akaketi tena kwenye kreti.

"Nilidhani mimba yake iko mwezi mmoja bado," alisema. "Ndiyo sikushtuka. Nilifikiri ni Mama Watiri mwingine. Kwa mazishi, wanawake wakaniambia kuna Msomali alichukua baiskeli akaenda kumtafutia petroli, akarudishwa. Hawakujua wanamwambia yule aliyemrudisha. Nilikaa na hiyo kitu usiku mzima. Alfajiri nikaja hapa."

"Kumuua Moffat?"

"Hapana! Kupima." Alinyoosha kidole kwenye tangi. "Nilikuwa nataka nikute kavu, afande. Ingekuwa kavu, ningesema ni meli, ni kiwanda, ni Waarabu, ni Mungu. Ningelia kama watu wengine na nirudi kazini. Nikavuta kijiti. Inchi sitini na mbili."

Kioko aliandika.

"Mzee akafika. Nikamwonyesha kijiti. Hata hakuona haya. Akaniambia, 'Dishon, tulia. Bei inapanda Jumamosi. Na wewe nitakukumbuka.' Nikamwambia, 'Bibi yangu amekufa.' Akasema, 'Nimesikia, pole. Rudisha kijiti ofisini.' Halafu akanipa mgongo. Spana nilikuwa nayo mkononi."

Upande wa barabara magari mawili yalikuwa yamesimama, madereva wananyoosha shingo. Mmoja aliita, "Afande! Ni kweli iko mafuta?"

Kioko alifunga daftari lake.

Dishon alinyoosha mikono yote miwili ifungwe pingu. "Yule mzee wa ng'ombe mwachilie sasa, usingoje saa nane," alisema. "Yeye ndiye peke yake alitafuta. Moffat alificha. Lakini aliyemcheka Mama Watiri mbele ya foleni nzima ni mimi."