Sinia la Bi Habiba

Stendi ya Kibiti ilikuwa inachemka. Basi la Lindi linaingia, la Dar linatoka, wauza korosho wanagombea madirisha, na katikati ya zogo hilo upepo ukaunyakua mtandio wa Mwanawetu, ule wa rangi ya bizari, ukaenda kunasa kwenye meza ya muuza makava ya simu. Aliuvuta. Meza nayo ikaja, puu!

"Dada, kama hujanipenda si useme tu, mpaka unibomolee duka?"

"Duka gani, meza yenyewe imeegemezwa tofali?"

"Tofali langu lina heshima zake. Naitwa Twalha."

"Kuna aliyekuuliza?"

Hakumuuliza, lakini jina alienda nalo nyumbani. Wiki haikuisha akarudi kununua kava, na simu yake wala haikuwa na shida ya kava. Jioni zikawa za kupigiana.

"Umekula, malkia wangu?"

"Nimekula."

"Umenibakizia?"

"Si uje ufuate, au miguu umeazima?"

Akafuata. Kwa Bi Habiba, mama yake Mwanawetu, mgeni hakungoja kukaribishwa mara mbili. Wali wa nazi ulimwagwa kwenye sinia moja kubwa, majirani wakalizunguka, na umbea wa mji mzima ukaliwa pamoja na samaki. Twalha naye akapata upande wake.

Kisha Bi Habiba akabadilika. Akasahau njia ya sokoni, mikono ikawa inamrukaruka, mwendo ukayumba, yote hayo ndani ya miezi michache. Huko Dar, daktari mmoja mpole alimkalisha Mwanawetu chini. Akamwambia ubongo wa kila mtu una protini ya prioni, na haina neno. Ila mara chache sana moja hujikunja vibaya; ikigusa nyingine, nayo hujikunja vilevile, hadi ubongo unatobokatoboka kama sifongo.

"Kama umbea wa kwetu," alisema Mwanawetu, machozi yakimtiririka.

"Hasa. Dawa ya kuponya hatuna, binti yangu. Lakini kushikana mikono hakuambukizi, wala kula pamoja. Na vipimo vinaonyesha ugonjwa huu si wa kurithi, umezuka tu. Mpendeni."

Habari ilishatangulia Kibiti. Mtu kaperuzi simu, kakuta ng'ombe wenye kichaa huko Ulaya, basi, yamekwisha. Majirani wakawa wanasalimia kutoka ng'ambo ya barabara. Bi Habiba, aliyezoea nyumba kujaa, alikaa akitazama mlango. Twalha peke yake ndiye aliyekuja, akamfuta jasho, akamtania, akala naye.

Mpaka Jumatatu moja mchana.

"Karibu, mpenzi."

"Nashukuru. Leo sili."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Kuleni tu."

Alhamisi, vilevile. Mwanawetu akamkazia macho. Hata huyu!

"Sema tu kwamba unamwogopa mama yangu."

"Wallahi si hivyo."

"Basi kula. Tonge moja tu."

Twalha akainamisha kichwa.

"Nenda, Twalha. Usirudi."

Simu zake akawa hapokei. Alhamisi nyingine alipita stendi akitoka duka la dawa, uso kaukaza mbele, adhana ya magharibi ikatoka. Kwa pembe ya jicho akamwona Twalha anatafuna tende na kushushia maji, midomo imemkauka. Sadala, muuza korosho wa meza ya jirani, akamdaka:

"Shemeji! Mwonee huruma mwenzio. Wiki kadhaa sasa, kila Jumatatu na Alhamisi kafunga, anamwombea mama mkwe. Mchana anasinzia, wateja wake nawahudumia mimi!"

"Sadala, si nilikwambia siri?" Twalha alifoka.

"Siri? Kibiti hii?"

Mwanawetu alisimama palepale, mfuko wa dawa mkononi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Funga ya sunna nikiitangaza, inabaki nini?"

"Na mimi nikakufukuza."

"Tena na njaa juu."

Akacheka huku analia. "Alhamdulillahi. Nisamehe, Twalha. Twende ukafuturu kwa mama."

Sinia alilitoa barazani, mbele ya macho ya mtaa mzima. Twalha akakaa bega kwa bega na Bi Habiba. Mkono wa mama ukaruka, wali ukamwagikia shati la kijana. Jina la Twalha mama alishalisahau. Hata hivyo akafinyanga tonge, polepole, akamtia kinywani kama anavyolishwa mtoto. Twalha akatafuna, akameza, akafungua kinywa tena.

Ng'ambo ya barabara Bi Zuena, mmoja wa majirani wale, alikuwa amesimama na ufagio. Akautupa. Akavuka, akanawa mikono, akachuchumaa.

"Sogea kidogo, mkwe, umejaza nafasi yote."

Nyuma yake wakaja wengine, aibu usoni, mikono imeshanawa. Bi Habiba akawatazama mmoja mmoja, uso ukamchangamka. "Karibuni," alisema. "Karibuni, kuleni."

Twalha akamnong'oneza Mwanawetu, "Mama kanilisha mbele ya mashahidi. Nimwambie mjomba alete posa?"

"Mwambie aje na njaa," alijibu Mwanawetu, akainuka kwenda kuongeza wali.