Kamba wa Dada

Kila alipotoka shule, Chiriku alifunua sufuria kabla hata ya kusalimia. Mama yake ndiye aliyempa jina hilo, maana mdomo wake haukuwa na likizo. Mchana huo sufuria kubwa ilikuwa na maharage, kama jana, bado hayajaungwa. Ile ndogo ilikuwa na kamba wanono wa baharini.

"Wa dada tena!" alinung'unika.

"Tena na tena," Mama alimjibu huku akikunja gauni aliloshona. "Figo zake hazina nguvu. Daktari amesema ale kamba wabichi, wachache, wachemshwe bila chumvi. Usiwaguse! Nampelekea mteja nguo, narudi sasa hivi."

Wivu ulimkaba Chiriku. Tangu Dada augue, kila kitu kilikuwa chake: sufuria yake, sahani yake, pole zote zake. "Kwani mimi niliokotwa?" alijiuliza, akamtupa kamba mmoja mdomoni.

Lo! Hakuwa na ladha hata chembe. Ilikuwa kama kutafuna kifutio. Angeishia hapo, lakini kwa hasira aliwamaliza wote.

Ndipo hofu ilipomwingia. Akakumbuka kopo la kamba wakavu wa chumvi, ambao Mama huwatia kwenye mchuzi wa wengine. Akawaloweka wachache katika maji moto hadi wakavimba, akawapanga kwenye sahani ya Dada. Aliwatazama, akajipongeza.

Dada alitoka chumbani taratibu, akaketi.

"Njoo tule wote, Chiriku. Chukua wawili, najua unawatamani."

"Mimi? Nani kakwambia?"

"Macho yako." Dada alicheka. "Na mimi nakuonea wivu, mdogo wangu. Unakula maharage yenye chumvi, unakunywa maji mpaka unashiba. Mimi hata maji napimiwa."

Chiriku aliikodolea macho sahani. Dada akachukua kamba mmoja, akampeleka mdomoni.

"Usile!" Chiriku alipiga kelele, akaivuta sahani. "Wana chumvi! Wako nimewala mimi, Dada. Nisamehe!"

Mama alikuwa amefika mlangoni, amesikia yote. Aliketi kwanza.

"Unajua chumvi ingemfanya nini? Maji yangemjaa mwilini, mpaka kupumua kungekuwa kazi. Muda huu tungekuwa tunakimbilia hospitali."

Chiriku alilia kwa kwikwi. Mama akamvuta karibu.

"Umefanya kosa kubwa, lakini umesema kweli kabla hajameza, na hilo ndilo lililomwokoa dada yako. Sahani hii si upendeleo, mwanangu, ni dawa yake. Siku nyingine ukihisi nimekusahau, niambie. Usinyamaze na wivu wako, wala usiibe."

Mama alimpikia Dada chakula kingine. Chiriku alijipakulia maharage yaliyokuwa hayajaungwa wala kutiwa chumvi, akaketi kando ya dada yake.

"Mabaya, eh?" Dada aliuliza.

"Mabaya sana," alijibu Chiriku, akaendelea kula.