Swali Alilolihofia Fundi Makochi

Fundi makochi alikuwa mtu wa maneno mengi. Mteja akileta kochi bovu, alipigiwa soga mpaka akasahau kuuliza bei. Lakini wiki ile ya harusi ya binti yake, fundi alinyamaza. Alikata sponji, akagonga misumari, basi.

Jirani yake, mama anayefundisha dini katika kanisa Katoliki ambako ndoa ingefungwa, alivuta kigoda akamuuliza kulikoni. Fundi akazungusha maneno. Yeye si Mkatoliki, alisema, hajui watu wanasimama lini wala wanapiga magoti lini. Mwalimu akamwambia hilo lisimkoseshe usingizi. Wangekaa benchi moja. Watu wakisimama, asimame; wakipiga magoti, anaweza kukaa tu. Wakienda kupokea komunyo, yeye abaki pale pale. Wageni wengi hubaki, na hakuna anayewakodolea macho.

Bado fundi alikuwa mzito. Mwishowe likamtoka.

"Mwalimu, mimi siji. Padri atauliza nani anamtoa huyu binti. Nimemlea peke yangu tangu mama yake afariki. Neno litanikwama kooni, nitamwaibisha mwanangu."

Mwalimu alitaka kucheka, akaacha, maana aliona machozi.

"Nani amekudanganya, Fundi? Katika ibada yetu swali hilo halimo. Utamsindikiza mpaka mbele, kisha utakaa. Wataulizwa wenyewe kama wamekuja kwa hiari yao. Tena wanaoana wao kwa wao, kwa ahadi yao. Padri anaipokea kwa niaba ya Kanisa, na mashahidi wawili wanasikia."

"Kwa hiyo padri atamngoja binti yangu aseme?"

"Atamngoja. Asiposema, hakuna ndoa."

Fundi aliweka nyundo chini. Siku ya harusi alikwenda.

Waliingia taratibu, kinanda kikilia, binti amemshika mkono baba yake. Masomo yakasomwa, padri akahubiri. Kisha maharusi wakasimama mbele yake. Wakaulizwa kama wamekuja kwa hiari, kama wako tayari kupendana maisha yao yote na kuwapokea watoto. Wakajibu ndiyo. Wakashikana mikono ya kulia, na bwana harusi akasema ahadi yake.

Ikafika zamu ya binti. Kanisa zima lilitulia, watu wamejaa mpaka mlangoni. Hata padri, na mavazi yake yote yale, alisimama kimya akimsubiri mtoto wa fundi makochi. Fundi alisisimka mwili mzima. Maishani mwake hakuwahi kuona jambo kubwa namna ile.

Binti alisema kwa sauti ya wazi. Angekuwa mwaminifu katika raha na taabu, katika afya na ugonjwa, siku zote za maisha yake. Padri akaipokea ahadi yao, kisha akabariki pete.

Fundi alilia, wala hakujificha. Mwalimu, akidhani ni huzuni, akampa leso.

"Sina huzuni," fundi alinong'ona. "Mwalimu, yule aliyesema vile, ni mimi niliyemlea."